Jicho limevimba, daktari anauliza mafua yalianza lini

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Juni ikishaingia hakuna nyumba yenye watoto inayokosa mafua. Masweta yanatoka kabatini, kamasi zinaanza, na mama anatembea na kitambaa mfukoni hadi Agosti. Mtoto mdogo anaweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na mengi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Ndiyo maana wazazi tumeyazoea, na hakuna ubaya kuyazoea.

Leo naandika kwa ajili ya yale machache yasiyoisha. Yale yanayopungua siku mbili, yakarudi na homa, halafu asubuhi moja yakajitokeza mahali ambapo mzazi hatarajii kabisa: kwenye jicho.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka 6. Kwa siku tano mafua yake yalikuwa ya kawaida, kisha akapata nafuu, hata shule akarudi. Siku ya nane homa ikapanda upya na kamasi zikawa nzito. Siku ya kumi aliamka kope ya jicho la kushoto imevimba, zaidi upande wa karibu na pua. Kufikia saa saba mchana jicho lilikuwa limebaki mstari tu.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alilitazama akasema, "Hiki ni chokea, mwanangu. Kikande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kesho kitaiva." Jirani aliyepita kuchota maji akasema mtoto ameumwa na mdudu. Kijana wa duka la dawa, nilipokwenda kununua dawa ya homa, hakumwona hata mtoto. Aliposikia neno jicho akatoa kichupa cha matone, akasema hayo ni macho mekundu, yanasambaa sana. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa huo ulienea Dar es Salaam na kwingineko, na tangu hapo kila jicho lenye shida mtaani kwetu linapewa jina hilo.

Lakini macho mekundu nilikuwa nimeshayauguza kwa dada yake. Yale yalikuwa na tongotongo za kugandisha kope, yalimwasha, na yalianza jicho moja yakahamia la pili. Hili halikuwa na tongotongo wala halikuwasha. Na yule wa macho mekundu alikuwa anacheza, wakati huyu alikuwa amejilaza kwenye mkeka, uji hautaki.

Nikamwambia afuate kidole changu kwa macho tu, bila kugeuza kichwa. Alifuata kidogo, akaanza kulia. "Mama, linauma nikiangalia pembeni."

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, naomba nimpeleke hospitali leo hii hii. Kama ni chokea, tutakikanda tukirudi." Alinyamaza kidogo, kisha akaingia chumbani akatoka na kadi ya bima na kanga ya kumfunika mtoto. Tukapanda bajaji.

Swali lililonishangaza

Daktari wa zamu alilimulika jicho kwa tochi, akainua kope taratibu, akamwambia mtoto atazame juu, chini, kulia na kushoto. Halafu akaliacha jicho, akanigeukia. "Mama, mafua yalimwanza lini?"

Nikamhesabia siku. Akauliza kama yalipungua yakarudi. Akauliza kamasi zinatoka pande zote mbili au upande mmoja. Akauliza kama mtoto analalamika kichwa, kama ametapika. Nimeleta jicho, na muda wote tunazungumzia pua.

Alipomaliza akaniambia niweke kidole pembeni mwa pua yangu, pale miwani inapokaa, kati ya pua na kona ya jicho. "Ugonjwa umeanzia hapo ndani," akasema. "Jicho limepata shida kutoka kwa jirani yake."

Mfupa mwepesi kama sega

Siku zilizofuata wodini nilipata muda wa kuuliza, na daktari wa masikio, pua na koo alikuwa na subira ya kujibu. Alinichorea uso nyuma ya karatasi, na hiki ndicho nilichoelewa.

Ndani ya mifupa ya uso kuna nafasi zenye hewa zilizounganika na pua. Hizo ndizo sainasi. Ziko za aina nne, kila aina kulia na kushoto: za mashavuni chini ya macho, za paji la uso juu ya nyusi, za nyuma kabisa ya pua kuelekea katikati ya kichwa, na zilizo kati ya macho mawili. Hizi za mwisho zimo ndani ya mfupa uitwao ethimoidi.

Ethimoidi si mfupa wa kubeba uzito kama ule wa paja. Ni mwepesi, umejaa vyumba vidogo vidogo vya hewa, mfano wa sega la nyuki lisilo na asali. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya chujio, kwa sababu sehemu yake ya juu, ambayo ndiyo dari ya pua, ina matundu madogo mengi. Neva za kunusa zinapita katika matundu hayo kutoka puani kwenda kwenye ubongo. Mtoto akisikia harufu ya vitumbua kabla hajafika jikoni, taarifa hiyo imepita kwenye chujio hilo.

Kuta zake za pembeni ndizo zinazotenganisha pua na jicho. Ni nyembamba kiasi kwamba wataalamu wa anatomia waliziita kwa Kilatini jina lenye maana ya bamba la karatasi. Tena zina vijitundu vya kupitisha mishipa, na mishipa ya damu ya eneo la pua na ile ya eneo la jicho imeungana. Vijidudu vikijaa upande mmoja, njia ya kwenda upande wa pili ipo.

Zinajaaje? Ngozi laini ya ndani ya sainasi hutengeneza ute kila siku, na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho huusukuma ute huo utoke kwa kupitia vijia vyembamba kuingia puani. Mafua yakija, ngozi hiyo huvimba na vijia huziba. Ute unatuama kama maji ya mtaro ulioziba taka, bakteria wanazaliana humo, na usaha unaanza.

Nikauliza kwa nini watoto hasa. Akasema mtoto anazaliwa tayari akiwa na sainasi za ethimoidi na za mashavuni, ingawa ni ndogo. Za paji la uso huchelewa, zinakua taratibu katika miaka ya shule hadi ujana. Kwa hiyo kwa mtoto mdogo, maambukizi ya sainasi yakifika kwenye jicho, mara nyingi yametoka ethimoidi. Na uvimbe huonekana kwanza pale pale nilipouona mimi, kwenye kona ya ndani ya jicho.

Mbele ya pazia na nyuma yake

Ndani ya kope kuna utando mwembamba unaofanya kazi kama pazia. Maambukizi yakiwa mbele ya pazia, kope inavimba na kuwa nyekundu, lakini jicho lenyewe linaona vizuri na linazunguka bila maumivu. Hata hapo mtoto anahitaji daktari, ila hatari ni ndogo.

Yakiwa nyuma ya pazia, yameingia kwenye tundu lenyewe la jicho. Tundu hilo limezungukwa na mfupa, halina pa kutanukia. Uvimbe ukiongezeka, jicho linasukumwa mbele, misuli yake inakakamaa, na neva inayopeleka picha kwenye ubongo inabanwa. Neva hiyo ikibanwa muda mrefu, mtoto anaweza kupofuka jicho hilo moja kwa moja.

Mwaka 1970 daktari wa Marekani, James Chandler, na wenzake walipanga hali hizi katika makundi matano ambayo madaktari wanayatumia hadi leo. La kwanza ni uvimbe wa mbele ya pazia. La pili ni maambukizi ndani ya tundu la jicho. La tatu ni usaha kukusanyika kati ya mfupa na utando unaoufunika. La nne ni jipu ndani ya tundu lenyewe. La tano ni damu kuganda katika mshipa mkubwa ulio nyuma ya macho, chini ya ubongo, na hilo linaweza kuua. Si lazima ugonjwa upande ngazi moja moja, ndiyo maana hauachwi ungoje kesho.

Kipimo cha CT kilionyesha mwanangu yuko kundi la tatu. Kulikuwa na usaha kidogo, umekaa kati ya ukuta wa karatasi na jicho la kushoto.

Kifuniko chekundu cha soda

Tulilazwa usiku ule. Akawekewa antibayotiki ya mshipani, na madaktari wa pande mbili, wa macho na wa pua, wakawa wanamwona pamoja. Waliniambia wazi: kwa mtoto mdogo mwenye usaha kidogo wa eneo hilo, dawa mara nyingi inatosha bila upasuaji, lakini kwa sharti moja. Uwezo wa kuona uangaliwe mara kwa mara, usiku na mchana. Ukishuka hata kidogo, au asipoonyesha nafuu ndani ya siku moja au mbili, anaingia chumba cha upasuaji. Usaha ungetolewa kwa kifaa chembamba kinachopita puani.

Baba yake alikuwa safarini kikazi. Niliweka saini fomu ya ridhaa nikiwa naye kwenye simu, naye ananisomesha niirudie kila mstari, ili tusipoteze muda kama ingehitajika.

Muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa na kifuniko chekundu cha soda mfukoni. Kila baada ya saa chache alimwamsha mtoto, akamfungua kope kwa vidole, akamziba jicho la kulia na kumwonyesha kile kifuniko kwa la kushoto, kisha akabadilisha. "Baba, hiki chekundu na kile kilikuwa sawasawa? Au hiki kimefifia?" Nikamuuliza kwa nini kifuniko. Akasema neva ya jicho ikianza kubanwa, rangi nyekundu ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kufifia, hata kabla mtoto hajashindwa kuhesabu vidole.

Usiku wa kwanza sikulala. Nilikuwa nasubiri jibu la mtoto wa miaka 6 mwenye usingizi, nikijua kwamba neno moja lake linaweza kumpeleka kwenye upasuaji. Saa tisa usiku alimjibu muuguzi kwa hasira: "Ni kilekile cha soda, niache nilale!" Muuguzi akacheka, akaandika kwenye faili.

Siku ya pili asubuhi homa ilishuka. Siku ya tatu jicho lilifunguka nusu na akaweza kutazama pembeni bila kulia. Sindano ziliendelea kwa siku sita, kisha tukarudi nyumbani na dawa ya kunywa, jumla ikafika wiki tatu, na tarehe ya kurudi kuangaliwa. Hakupasuliwa. Anaona vizuri kwa macho yote mawili.

Si kila mafua ni sainasi

Baada ya haya, akina mama wengi mtaani walianza kuniuliza kama wawape watoto antibayotiki mara mafua yanapoanza. Hapana. Mafua yanatokana na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Kamasi kugeuka njano au kijani pia si ushahidi wa bakteria. Ni sehemu ya kawaida ya mafua.

Daktari alinipa vigezo vitatu vya kushuku sainasi. Mafua au kikohozi cha mchana kukaa zaidi ya siku 10 bila dalili ya kupungua. Mafua kupungua kisha kurudi kwa nguvu na homa. Au homa kali pamoja na kamasi nzito za usaha kwa siku tatu au nne mfululizo tangu mwanzo. Hapo mpeleke mtoto akaonwe. Asitibiwe kwa kubahatisha dukani.

Kamasi za upande mmoja tu zenye harufu mbaya zina maana nyingine. Mara nyingi mtoto ameingiza kitu puani: shanga, punje ya mahindi, kipande cha sponji. Usichokonoe, utakisukuma ndani zaidi.

Nyumbani, matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua husaidia kulainisha kamasi. Mafuta ya kuchua yenye kafuri yasipakwe ndani ya pua ya mtoto. Matone ya kuzibua pua yenye dawa asipewe mtoto bila daktari. Yakitumika kupita siku chache, pua huziba kuliko mwanzo. Moshi wa mkaa, wa kuni na wa sigara huichokoza ngozi hiyo ya pua, kwa hiyo mwenye mafua asikae jikoni.

Anayesafisha pua kwa maji atumie yaliyochemshwa yakapoa. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu 2 walifariki baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba anayepanda kupitia lile chujio la dari ya pua hadi kwenye ubongo. Ni jambo la nadra sana, na kuchemsha maji kunalimaliza.

Kisha kuna chanjo. Ile ya nimonia na ile ya pentavalenti, ambazo watoto wetu hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, hukinga pia dhidi ya baadhi ya bakteria wanaoshambulia sainasi na kuingia kwenye jicho na ubongo. Kadi ya kliniki ya mtoto ikiwa na nafasi tupu, uliza kituoni.

Mfupa huohuo ukipigwa

Kwa kuwa watoto wetu wanapanda bodaboda na kucheza mpira, daktari aliniongezea mambo mawili kuhusu mfupa huu.

Mtoto aliyeumia kichwa au uso, kisha pua yake ikatoa maji meupe kama ya kunywa, hasa akiinama, asidhaniwe ana mafua. Huenda dari ya pua imepasuka na maji yanayozunguka ubongo yanavuja. Asipenge, asizibwe pamba; apelekwe hospitali mara moja. Wengine baada ya ajali kama hiyo hupoteza uwezo wa kunusa, kwa sababu zile neva nyembamba zimekatika kwenye matundu yake.

Na aliyepigwa mpira au ngumi jichoni asipenge kamasi kabla hajaonwa. Ukuta wa karatasi ukiwa umevunjika, kupenga kunasukuma hewa kutoka puani hadi kwenye kope. Inavimba ghafla, na ukiigusa inatoa mlio kama wa mfuko wa nailoni.

Aambiwe anayebaki na mtoto

Wengi wetu tunatoka nyumbani asubuhi, mtoto anabaki na bibi, na dada wa kazi au na mwalimu. Huyo ndiye atakayeliona jicho kwanza. Mama mkwe wangu aliomba nimwandikie dalili kwa herufi kubwa, akazibandika mwenyewe ukutani karibu na stoo. Nazinakili hapa kama zilivyo.

Mtoto mwenye mafua, au aliyetoka kuwa nayo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, akiwa na mojawapo kati ya haya:

Kope imevimba na ana homa.

Jicho linauma likizunguka, au haliwezi kuzunguka.

Jicho limetokeza mbele kuliko la pili.

Anaona kitu kimoja kama viwili, anaona ukungu, au rangi zimefifia.

Uvimbe umefunika jicho lote, au umehamia na la pili.

Paji la uso limevimba na kubonyea kama tonge.

Kichwa kinamuuma sana, anatapika, shingo imekakamaa, au anasinzia kupita kawaida.

Kabla ya kuondoka, mfungue kope taratibu, umwambie afuate kidole chako kwa macho. Usiweke jichoni maziwa ya mama, maji ya majani ya chai wala matone yaliyobaki ya mtoto mwingine. Na ukifika hospitali, hata kama hujaulizwa, anza na hili: mafua yalianza siku gani, yalipungua siku gani, yakarudi siku gani. Tarehe hizo tatu zinamsaidia daktari kujua aanze kutafuta wapi.